Mkwe Aliyeacha Kukaribisha

Mkwe wangu Thoa aliacha kutukaribisha mezani mwezi wa nne. Hapa kwetu Nam Dinh, mdogo hagusi wali kabla hajawakaribisha wakubwa kwa mdomo wake, mmoja mmoja: karibu baba, karibu mama. Thoa akawa anainamisha kichwa tu, anakorogakoroga bakuli, kisha anainuka wa kwanza.

Nikavimba. Na mimi sijui kuvimba peke yangu. Kibaraza changu kila alasiri kimejaa. Chai ya barafu ipo, mbegu za alizeti zipo. Nikawamwagia wote kwamba mke wa mwanangu Kien amejifanya malkia, mume yuko kiwandani Hai Phong, basi sisi wazee hatustahili hata neno. Jirani yangu bibi Luyen akaongeza chumvi yake. Wiki haikuisha, muuza tofu akawa ananipa pole.

Asubuhi moja nikamkuta Thoa jikoni ameshika shavu, mdomo nusu wazi, haufunguki wala haufungiki, machozi yanamtoka. Nikajua ni jino limeoza. Nikampakia kwenye pikipiki hadi kwa daktari wa meno. Njiani taya likarudi mahali pake lenyewe. Mlio wake niliusikia mbele nilipokaa.

Daktari Uyen hakugusa koleo. Aliweka vidole mbele ya masikio ya Thoa, akamwambia afungue na kufunga polepole. Mdomo ulipitisha vidole viwili, palipotakiwa vitatu. Akasema meno ni mazima ila yamelika, anayasaga usingizini. Kinachouma ni kiungo cha taya.

"Tangu lini, mdogo wangu?"

"Mwezi wa nne. Ikifika jioni hata kuongea kunauma."

"Na nyumbani hukusema?"

Thoa alitazama sakafu. "Mama alikuwa ameshakasirika."

Daktari akamwandikia uji na vyakula laini, kitambaa cha maji ya moto shavuni, asipige miayo mikubwa, na kinga ya plastiki ya kuvaa akilala. Akauliza kama kuna jambo linalomkosesha raha, maana mwenye mawazo hubana meno bila kujua. Thoa akasema hakuna. Mimi nikajitia kutafuta funguo za pikipiki.

Alasiri ile nikawaambia wenzangu kibarazani kwamba nilimsingizia mtoto wa watu, nikawaomba wakaseme hivyo kote walikopeleka habari.

Bibi Luyen akatema ganda la mbegu. "Hiyo haina utamu, shoga. Nani atakaa kusikiliza habari za taya?"

Wakacheka. Ningekuwa wao, ningecheka pia. Nikawaacha na chai yao, nikamfuata muuza tofu. Yeye hakucheka. Anatoka kijiji kimoja na akina Thoa, na kule alishalifikisha neno kitambo.

Kesho yake nikaenda huko mwenyewe. Mama yake Thoa alikuwa anamenya vitunguu uani. Aliponiona alisimama haraka, akafuta mikono, na sijavua hata kofia ya pikipiki akaniinamia.

"Nisamehe, dada," akasema. "Sikumfunza vizuri. Tangu niliposikia, sokoni siendi."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Badala yake nikavua kofia, nikainama na mimi, naye bado ameinama mbele yangu.