Karatasi ya Kwamina

Habari ililetwa Jumanne na nahodha wa jahazi la uvuvi la Kapteni Trask. Fiba, mtumwa wa Kapteni, alikuwa jikoni, mikono imezama kwenye unga. Nahodha alizungumza na Kapteni sebuleni, mlango wazi, kana kwamba jikoni hakuna mtu. Wimbi lilimchukua Kwamina, mwana wa Fiba, wakivua chewa, siku nne kutoka nchi kavu, na hawakumwona tena.

"Hasara," alisema Kapteni. "Kijana alikuwa na mgongo wa ng'ombe." Kisha akauliza samaki wamepatikana mapipa mangapi.

Fiba aliendelea kukanda, maana mkate wa watu wanane haungoji. Kulia alilia baadaye, chini kwenye ghala, katikati ya mapipa ya nyama ya chumvi. Tangu mwanawe apelekwe baharini, yeye ndiye mweusi pekee katika nyumba ile. Maneno machache ya lugha ya mama yake aliyokuwa nayo, alikuwa na mtu mmoja tu wa kuyasema naye, mwanawe huyo, kila jahazi liliporudi. Sasa alibaki nayo kichwani, hana wa kumwambia.

Mji ule wa wavuvi, Marblehead, ulizoea kufiwa. Kila Jumapili, kabla ya mahubiri, Mchungaji Wadlin alisoma karatasi za watu: huyu mumewe yuko safarini, yule kajifungua salama, huyu bahari imemnyang'anya mwana. Karatasi ikisomwa, mwenye jambo husimama, kanisa zima likamwombea, na wakitoka nje anashikwa mkono na kupewa pole. Hata mjane Bubier, mlevi wa kutupwa, mwanawe alisomwa, akasimama akiyumba, na watu wakamwombea vilevile. Miaka kumi na minane Fiba aliyaona hayo kutoka juu, roshani ya kanisa, kwenye benchi la nyuma la weusi. Alichokitaka ni hicho hicho. Jina la mwanawe lisomwe, naye asimame, mji ujue kuna mama amefiwa.

"Na nani atakuandikia?" aliuliza Dina, mtumwa wa daktari, walipokutana kisimani.

"Bibi anajua kuandika."

"Bibi yako? Yule anayefungia sukari kwa kufuli?"

"Kwamina alizaliwa mikononi mwake, Dina. Atakubali."

"Haya, shoga, mimi mdomo wangu tu. Ila usimwendee kabla hajala."

Alimwendea Alhamisi, baada ya chakula. Bibi Mehitabeli, mke wa Kapteni, alimsikiliza mpaka mwisho, na macho yakamjaa machozi.

"Maskini Pompi wetu," alisema, kwa jina walilompa wao kijana.

"Anaitwa Kwamina, Bibi."

"Ndiyo, ndiyo. Umefanya vizuri kunikumbusha, Fiba. Nitaandika sasa hivi."

Na alilia kweli, sitamsingizia. Mtu mbaya ungejua mapema pa kumkwepa. Aliandika mistari minne, akaikausha kwa mchanga, akaikunja, akampa Fiba aipeleke mwenyewe kwa Mchungaji. Njiani Fiba aliikunjua. Hakujua hata herufi moja. Alipitisha kidole juu ya wino, taratibu, akijiuliza wapi hapo ndipo mwanawe.

Jumapili alifunga kitambaa safi kichwani, akakaa kando ya Dina. Mchungaji alisoma karatasi ya mgonjwa, akasoma ya mzazi, kisha akafungua ya tatu.

"Kapteni Trask na mkewe wanaomba sala za kanisa, kwa kuwa Mungu ameona vema kuijaribu nyumba yao, na kuwaondolea baharini mtumishi wao mwenye manufaa."

Chini, mbele, Kapteni na mkewe walisimama. Bibi alijipangusa macho kwa leso. Watu waliwageukia kwa huruma.

Fiba alingoja. Labda ulibaki mstari mmoja. Mchungaji aliikunja karatasi.

Bibi hakufanya kwa inda. Katika mji ule, mtumwa akifa, karatasi ni ya bwana wake, ndivyo walivyoandika baba zao. Kwamba mfiwa ni mpishi wake, wazo hilo halikumpitia kichwani hata mara moja, na mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko matusi.

Fiba akasimama.

"Kaa chini!" Dina alimvuta sketi. "Unataka viboko?"

Bwana Stacey, mlinzi wa ibada, alikuwa keshapanda ngazi na fimbo yake ndefu ya kuwaamshia wanaosinzia. Shingo za kanisa zima zilielekea juu.

"Kuna nini huko?" aliuliza Mchungaji.

"Anaitwa Kwamina," alisema Fiba. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Ni mwanangu."

Mchungaji aliinamisha macho, akachukua karatasi ya nne, ya mtu aliyepona homa. Fimbo ilimkandamiza begani mpaka akakaa.

Walipotoka kwa ngazi ya nje, Dina alimshika mkono. "Pole, mama Kwamina," alisema upesi upesi, kwa sababu mke wa daktari alikuwa tayari anamwita.

"Umeniaibisha," Bibi alimwambia wakiwa nyumbani. Alikuwa ameumia kwelikweli. "Baada ya maneno mazuri yote niliyomwandikia." Bibi akashusha pumzi. "Haya, yaishe. Kesho watu watakuja kutupa pole. Oka keki mbili."

Jumatatu alasiri walikuja watu kumi na mmoja. Fiba ndiye aliyewafungulia mlango. Kila mmoja alimpa koti lake, akampita, akaenda sebuleni kutoa pole.