Jina la Mzee Mabonga

...na sasa anaandika nywila tena, polepole, kwa kidole kimoja, kila herufi anaitazama kwanza kana kwamba ndiyo yenye kosa, na Rael kwenye dawati la pili anajifanya anasoma skrini yake, hasomi chochote, anangoja ule mlio mdogo wa kukataliwa, huo hapo... "Rael, hii sistimu leo imeniruka," Mzee Mabonga anasema, bila hasira, "na paswadi ni ile ile ya jana," na ni kweli, kosa si la nywila, ni kwamba hayumo tena kwenye orodha ya wafanyakazi, Rael mwenyewe amemwondoa asubuhi kabla hajafika, meneja Waweru alisema kazi ya Mzee wanapewa watu wa mkataba, toa jina lake kwanza, mimi nitamwambia, kisha akaingia mkutanoni akafunga mlango, hadi sasa hajatoka... na mbona ilikuwa rahisi hivyo, jina moja tu, ni Rael mwenyewe aliyeunganisha mifumo hiyo, hifadhidata ya maziwa ya wakulima haishiki nywila ya mtu yeyote, ikipewa jina inaiuliza saraka ya wafanyakazi, huyu ni wetu? na saraka ikisema simjui, basi, kila kitu kinafungwa kwa pamoja, siku aliyowaonyesha wakubwa walimpigia makofi, na aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Mabonga, amesimama nyuma kule, akiwaambia watu huyu ni msichana wetu wa hapa Eldoret... "Labda ni mtandao, Mzee," anasikia mdomo wake ukisema, uongo umetoka bila hata kukwama kooni, "jaribu tena," naye anajaribu, anamwamini, mtu aliyepeleka uji hospitalini kila jioni mamake Rael alipolazwa, thermos imefungwa kwa leso, hakuombwa, wala hajawahi kuutaja... simu ya Mzee inalia, ni mkulima wa Moiben, "Ndiyo, mama, maziwa yako nitaangalia saa hii, nivumilie kidogo, mashine inasumbua," anacheka, anaiombea mashine msamaha, na Rael anahisi uso unamchoma hadi masikioni, mashine haisumbui, mashine iliuliza ikajibiwa, na jibu ni yeye aliyeliweka... amekuwa akijiambia kumweleza Mzee ni kazi ya Waweru, angoje Waweru, lakini mlango ule ukifunguka sasa hivi atafurahi, hapo ndipo aibu ilipo, atafurahi kwamba ni mtu mwingine aliyesema, naye atainua kichwa ashtuke pamoja na wengine, tayari ameshaupanga huo uso wa kushtuka, tangu asubuhi anao... "Nijaribu tena?" Mzee anauliza, kidole kiko juu ya kibodi, simu bado iko sikioni, anamtazama yeye, si skrini, na mlango wa Waweru bado umefungwa, na ufungwe tu, Rael hautaki tena uso ule, anavuta kiti chake hadi kando ya Mzee, "Wacha tu, Mzee," anasema, "hiyo paswadi haina makosa, jina lako nimelitoa mimi."