Kuku Mia na Arobaini na Dari Moja

Mume wangu Kabera ni mtu mpole, hilo nitalisema mbele ya yeyote, lakini Jumatatu ile alileta fundi mwashi ndani ya ua wangu bila kuniuliza. Nilikuwa nachota maji ya kuku. Nikamwona yule fundi anavuta futi kutoka mlango wa banda mpaka ukutani, halafu anaandika namba kwenye kiganja.

"Baba Natacha," nikauliza, "huyu anapima nini?"

"Gereji," akajibu. "Anapima tu. Kupima si kujenga."

Jamani! Niliiweka ndoo chini taratibu, maana ningeishika sekunde moja zaidi fundi angeondoka ameloa. Lakini Kabera alikuwa na haki ya kupima. Tulikuwa tumepatana. Mwaka jana, mwezi wa nane, nilipoteza kuku themanini kwa mchana mmoja. Themanini! Niliwakuta saa kumi wamelala kifudifudi mabawa wazi, na aliyewaua alikuwa mimi mwenyewe.

Ngoja nieleze, msije mkadhani niliwatilia sumu. Sisi watu wa Kigali tunaogopa baridi kuliko simba. Mtoto akizaliwa anavikwa kofia ya sufu na soksi, dirisha linafungwa, kila mgeni anaulizwa kama amefunga mlango, hata kama nje jua linapasua mawe. Mimi nimekulia Ngara, Tanzania, lakini nimeishi hapa Niboye miaka ishirini na saba na ugonjwa huo umeniingia. Nilipoanza kufuga, kila mtu aliniambia kitu kimoja: kuku anauawa na baridi. Basi nikalizungushia banda shitingi, zile nailoni nzito za kufunikia mizigo, nikaziba hadi tundu la msumari. Banda lenyewe ni la mabati juu, na pembeni ni mabati hadi kiunoni, kisha waya. Nilikuwa nimejenga oveni, nikawaingiza kuku, nikafunga mlango na kwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya.

Baada ya hapo Kabera alinipa nafasi moja. "Wakifa tena kwa joto, banda linakuwa gereji. Gari langu linaungua jua kila siku." Nikakubali kwa hasira. Na mwaka huu nilikuwa na mia na arobaini, wa nyama, wiki ya sita, wazito mpaka kutembea wanaona uvivu. Ijumaa alfajiri gari la hoteli moja ya Remera lingekuja kuwabeba wote. Kwa hiyo nilichotakiwa ni kuwafikisha Ijumaa wakiwa hai. Siku nne tu.

Lakini joto lile nalo! Mvua ilikuwa imekataa tangu mwezi wa tano. Maji ya bomba yalikuja mara mbili kwa wiki, tukajaza majerikani mpaka bafuni pakakosa pa kusimama. Chumbani kwetu hakulaliki mchana. Ukigusa ukuta unatoa mkono. Mama mkwe wangu, Gahongayire, ambaye sote tunamwita Mabukwe, alihamia sebuleni na godoro lake, na hata huko akawa anagombana nami juu ya dirisha. Mimi nafungua, yeye anafunga.

"Upepo utaniua," anasema.

"Mabukwe, ni nyuzi thelathini na nne!"

"Na upepo je?"

Upande wa banda nilikuwa nimejifunza. Shitingi nilizichana zote, nikaacha waya mtupu pembeni ili upepo upite. Chakula nilikitoa saa mbili asubuhi, maana kuku aliyeshiba anachemka kwa ndani. Maji nilibadilisha kila saa. Na juu ya bati nilitandaza nyasi, mafungu ishirini niliyokata mwenyewe bondeni, unene wa mkono mzima. Zilifanya kazi ajabu. Jumanne na Jumatano saa nane mchana uliweza kuweka kiganja kwenye bati kwa ndani na kukiacha hapo. Nilianza kutembea kifua mbele.

Alhamisi saa tano hivi, Mudugudu akagonga geti. Jina lake ni Melchior, ila kiongozi wa mtaa huku anaitwa kwa cheo chake, Mudugudu, hata na mkewe nadhani. Mtu mwembamba, shati limechomekwa vizuri, hana baya. Alisimama katikati ya ua akaangalia paa langu kama mtu anayemwona nyoka.

"Mama Natacha. Hii iko nyakatsi."

Mtu wa mbali huenda hajui uzito wa neno hilo. Nyakatsi ni nyumba ya nyasi, na nchi nzima ilihangaika miaka mingi kuziondoa. Hakuna Mudugudu anayetaka nyasi juu ya paa kwenye mtaa wake. Afadhali umwonyeshe ng'ombe anazurura barabarani, jambo ambalo nalo ni marufuku mjini.

"Si nyakatsi," nikasema. "Paa ni bati. Nyasi ni kofia tu."

"Kofia haionekani kwenye picha. Picha itaonyesha nyakatsi. Saa nane kuna wageni, wanakuja kuangalia usafi, tunashindana na midugudu mingine. Hii iondoke mbele ya saa nane."

"Mudugudu, kuku wangu wanaondoka kesho alfajiri! Nipe leo tu!"

"Leo ndiyo siku ya wageni, mama."

Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Akasikiliza yote, akaniomba radhi, akasema tena saa nane. Ndivyo alivyo, hata kumchukia ni kazi.

Nikapanda ngazi nikashusha nyasi mwenyewe, fungu baada ya fungu, huku nalia kwa hasira. Saa sita na nusu bati lilikuwa tupu linang'aa. Haikupita nusu saa kuku wakaanza: midomo wazi, mabawa yamening'inia, shingo zinapanda na kushuka. Wawili wakalala ubavu. Nikawamwagia maji miguuni, nikabadilisha vyombo, haikusaidia. Sauti ile ya kuhema ya kuku mia na arobaini kwa pamoja niliijua. Mwaka jana niliikosa kwa sababu nilikuwa kwenye kwaya, lakini tangu hapo naisikia usingizini.

Niliingia sebuleni kuchukua jerikani nyingine. Nikakaa sakafuni kando ya godoro la Mabukwe. Naye alikuwa amelala na sweta! Mwanamke wa miaka themanini na moja, amefunga dirisha, amevaa sweta, na wala hatoki jasho. Nikaanza kukasirika upya. Mimi naungua, kuku wanakufa, chumba changu hakilaliki, na huyu amevaa sweta. Anawezaje?

Hapo ndipo nilipoinua macho.

Nyumba yetu ni ya zamani. Sebule bado ina dari lake la kwanza, mikeka ya mafunjo iliyopigwa misumari kwenye mbao, na juu yake nafasi, kisha ndipo bati. Chumbani kwetu lilikuwepo pia, Kabera akaling'oa kwa sababu ya panya. Bati ni lilelile moja, kutoka sebule mpaka chumbani, limeezekwa siku moja. Huku sweta, kule oveni. Nilisimama nikapiga kelele mpaka Mabukwe akaamka anauliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa! Nyasi zinaingia ndani!"

Nikakimbilia kwa jirani yangu Uwamahoro, fundi cherehani, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Nilimkuta anakata gauni huku anaimba.

"Shoga, nahitaji kamba. Nyingi. Sasa hivi."

"Unamfunga nani?"

"Kuku wanakufa, Uwamahoro!"

Aliangusha mkasi. Akavuta magunia matatu ya mabaki ya vitambaa, vile vipande virefu vya pembeni ambavyo mafundi hawatupi wala hawatumii, akaja nayo mbio na futi ikiwa bado shingoni. Tukaanza kufunga vipande kutoka waya wa ukuta huu mpaka ule, dhiraa moja hivi chini ya bati, vya urefu na vya upana, vitenge na satini na vitambaa vya sare za shule, mpaka juu ya vichwa vyetu pakawa na wavu wa rangi zote. Juu ya wavu tukawa tunasukuma nyasi. Mchezo gani! Unasimama juu ya kreti, kuku wanahema miguuni, jasho linaingia machoni, nyasi zinakuchoma shingo, na kila fungu likipita linamwaga vumbi mdomoni. Uwamahoro aliacha kuimba akawa anasema "Yarabi, Yarabi" kila anapoinua mikono.

Fungu la kumi na mbili wavu ukaanza kulegea katikati. Vitambaa havitoshi, nyasi nzito. Nikaona yote yanaturudia kichwani.

"Mtabomoa hilo." Ilikuwa sauti ya Mabukwe. Amesimama mlangoni na sweta yake, na kwapani ameshika mikeka minne iliyoviringishwa. Ni mikeka yake aliyoisuka mwenyewe. Mimi sijawahi kuruhusiwa kuikalia hata siku ya Krismasi. "Tandikeni hii kwanza. Ndiyo inabeba. Na huo wa rangi nyekundu msiutoboe, ni wa Natacha siku akiolewa."

"Mabukwe, hii mikeka yako, kwa kuku?"

"Nimechoka na makelele yako, mukazana, mke wa mwanangu. Mwaka jana ulilia mwezi mzima, nilikuwa nakusikia ukutani. Haya, shika!"

Nilimkumbatia na uchafu wangu wote. Akanisukuma, akasema nanuka. Tukashusha nyasi, tukakaza wavu, tukatandika mikeka juu yake, nyasi juu ya mikeka, tukaacha upenyo kule juu pande zote mbili ili upepo upite kati ya nyasi na bati. Saa saba na dakika arobaini tulishuka. Nikainua mkono. Joto lile lililokuwa linakupiga utosini halikuwepo, limekatika. Tukajaza vyombo vyote maji ya mtungi wa Mabukwe, ambayo ndiyo yaliyokuwa baridi kuliko yote, tukaketi sakafuni kwenye maranda ya mbao tunangoja. Nilimkazia macho kuku mmoja tu, jogoo mnene mweupe aliyekuwa amelala ubavu, nikamwambia kimoyomoyo, wewe ukifa na mimi basi.

Saa nane na robo alifunga mdomo. Akatikisa kichwa, akainuka, akaenda kunywa maji.

Nilipiga kigelegele mpaka wageni wa usafi, waliokuwa wanapita barabarani, wakasimama. Mudugudu akaingia peke yake mbio, uso umempauka. Akaangalia paa. Bati safi. Akaangalia chini. Hakuna hata jani.

"Nyasi umepeleka wapi?"

"Ingia ndani."

Akaingia, akainua macho. Nilimwona anaipitia sheria yote kichwani, kifungu kwa kifungu.

"Paa iko bati," akasema hatimaye.

"Iko bati."

"Basi." Akatoa kitambaa akajifuta shingo, akajifuta tena. Hakuondoka. "Mama Natacha, wacha nisimame hapa kidogo. Huko nje ni mbaya." Alisimama dakika kumi na wageni wake wakimngoja barabarani. Alipokuwa anatoka akasema Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu wote wakiwa bado wamekusanyika, mimi niwaeleze namna ya kufanya. Nikamwambia nitaeleza, na viti viwe vya kutosha.

Tulihesabu mara tatu. Mia na thelathini na tisa. Mmoja hatukumuwahi, na nilimsikitikia kweli, lakini mia na thelathini na tisa walikuwa wanagombania chakula cha jioni kama hakuna lililotokea.

Kabera alirudi saa kumi na moja, tai mkononi, shati limemganda mgongoni. Alijua ilikuwa siku gani. Nilimwona anatembea polepole kuelekea bandani, na nadhani alikuwa anatafuta maneno ya kunipa pole. Akafungua mlango. Sisi watatu tulikuwa humo ndani tumekaa kwenye kreti tunakunywa chai, Mabukwe katikati.

Alisimama akatazama juu. Akatazama kuku. Akanyoosha kiganja hewani, akakirudisha, akakinyoosha tena.

"Huku kuna ubaridi kuliko chumbani kwetu," akasema.

"Ndiyo."

"Kuliko ofisini."

"Sijui ofisini kwako. Sijawahi kualikwa."

Uwamahoro akakohoa ndani ya kikombe. Kabera akavua viatu, akaketi kwenye maranda na suruali yake ya kazini, mgongo ukutani, akafumba macho. Kuku mmoja akampanda mguuni, hakumfukuza. Tukakaa hivyo mpaka chai ikaisha.

"Mama Natacha," akasema bila kufumbua macho. "Hilo dari. Unaweza kuniwekea na chumbani?"

Miaka thelathini ya ndoa, huyo mtu hajawahi kuniomba kitu. Huwa anasema tu "chumvi", na chumvi inakuja.

"Omba vizuri," nikamwambia.

Akafumbua macho. Akamwangalia mama yake, na mama yake akaangalia pembeni. Akamwangalia Uwamahoro.

"Naomba," akasema, akaniita kwa jina langu mwenyewe. "Tafadhali, Mukunde."

"Na fundi mwashi?"

"Nitampigia simu."

"Mpigie sasa."

Akatoa simu, akapiga mbele yetu, akamwambia fundi yule asije tena, banda lina mwenyewe. Nikasimama, nikajipangusa nyasi kwenye sketi, nikamkabidhi ndoo mbili tupu, maana kuku walikuwa na kiu na mimi nilikuwa nimechoka.