Siku Stata Ilipofanya Kazi

Binti yangu Dinah alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, na miguu ilikuwa imevimba hata viatu haviingii. Muuguzi wa zahanati alisema lazima afike hospitali ya Voi kabla ya Jumamosi. Alhamisi jioni mumewe, Kitheka, akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori la mkonge: Rukanga hakuna gari, Mama njoo na lako.

Langu lilikuwa Landrova la mwaka sitini na mbili, na sasa tulikuwa sabini na tisa. Stata ilikuwa imechoka. Ukizungusha ufunguo unasikia "tak!", basi. Jambo hilo halikunisumbua, kwa sababu naishi Ronge, na Ronge yote ni mteremko. Breki ya mkono nayo iliisha zamani. Unaegesha pua ikitazama bondeni, unazima, unaingiza gia, unaweka jiwe kwenye gurudumu. Asubuhi unatoa jiwe, gari linateremka, unaachia klachi, injini inawaka. Kwa miezi miwili nilizunguka hivyo kuwafundisha wakulima kilimo, na sikuchelewa hata siku moja.

Lakini Rukanga, kwa Dinah, ni tambarare. Nikizima pale, atasukuma nani? Mjamzito?

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilikuwa Voi, uani kwa fundi Wanjala, makanika mstaafu wa reli. Alikuwa na stata aliyoing'oa kwenye gari lililolaliwa na ndovu.

"Mwili wote umekuwa chapati, Mama Dinah," alisema, "lakini stata haikuguswa."

"Funga basi. Nina safari."

"Nitafunga. Hata wewe ukipiga kelele, hizi bolti hazisikii."

Alifungua boneti, akatoa waya za betri, akaingia chini. Mkewe, Muhonja, alileta kigoda na uteo wa maharagwe akaketi mbele kabisa ya gari, kwa sababu kivuli cha boneti ndicho kilikuwa kivuli pekee pale uani. Aliniletea chai pia. Nilionja nikiwa nimekaa kwenye usukani.

"Muhonja, chai hii haina sukari."

"Imo, Mama."

"Haimo. Mimi si mgonjwa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu saa: kutoka hapo hadi Maungu, Maungu hadi Rukanga, kisha kurudi na mtoto wangu kabla giza halijaingia kwenye ile barabara ya vumbi.

Saa tano Wanjala alitoka chini, akarudisha waya za betri, akasimama ubavuni akipangusa mikono.

"Jaribu. Umetoa gia?"

"Nimetoa."

"Umeangalia?"

"Fundi, mimi naendesha gari tangu wewe hujafika Voi."

Nikazungusha ufunguo.

Sikusikia "tak". Nilisikia injini ikinguruma na papo hapo gari likaruka mbele kama ng'ombe aliyechomwa na mwiba. Kikombe kilinipiga kifuani. Chini kitu kilivunjika, kikavunjika tena, kisha injini ikazima.

Nikatazama gia. Ilikuwa imeingia. Mkono wangu wenyewe uliiingiza nilipozima, kama unavyofanya kila siku nyumbani. Kwa miezi miwili ufunguo ulikuwa haufanyi kitu, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuiangalia.

Mbele sikuona chochote. Boneti ilikuwa imefunika kioo chote.

"Muhonja!" Wanjala aliita. Kisha akapiga magoti, akaita tena kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mwanamume. "Muhonja!"

Nilishuka. Maharagwe yalikuwa yametapakaa kila mahali. Uteo ulikuwa chini ya gurudumu, umepasuka katikati. Kigoda kilikuwa vipandevipande chini ya bampa. Na kulikuwa na ndara moja ya bluu, moja tu, imelala ubavu.

Nimemuua, nikasema moyoni. Nimekuja kuchukua mtoto wangu nimemuua mke wa mtu.

"Nini tena?"

Muhonja alikuwa mlangoni mwa jikoni, mguu mmoja peku, mkononi ana kopo la sukari. Akatazama kigoda. Akatazama uteo. Kopo likamteleza.

Wanjala alibaki amepiga magoti. Mimi nilikaa chini, kwenye maharagwe, mimi ambaye sikai chini hovyo.

"Nilikuuliza," Wanjala alisema hatimaye.

"Uliniuliza."

"Mara mbili."

"Mara mbili. Ni mimi."

Muhonja alikuja akaokota ndara yake iliyomtoka mguuni alipoinuka, akaivaa polepole. "Mama Dinah," akasema, "kumbe ukikosa sukari unakasirika hivi?"

Tulicheka vibaya, kama watu wanaolia. Kisha alinishika bega na kuniambia, "Enda. Mtoto anangoja."

Nilifika Rukanga saa nane. Dinah alitoka na mfuko wake. Kitheka akampakia, lakini nilipokaa kwenye usukani Dinah akateremka tena, akazunguka, akasimama mbele ya gari, tumbo limegusa chuma, ili kumuaga mumewe.

"Toka hapo!"

Alishtuka. Kitheka pia. Sijawahi kumpigia kelele Dinah namna ile, hata alipokuwa mdogo.

"Mama, gari limezimwa!"

"Toka, nimesema."

Niliteremka, nikamshika mkono, nikamkalisha mwenyewe kwenye kiti. Nikaenda mbele, nikainama, nikaangalia chini. Nikarudi, nikaitikisa gia kushoto na kulia. Nikaitikisa tena. Na tena.

"Mama, mbona unaitikisa hivyo?"

Nilizungusha ufunguo. Injini iliwaka mara moja, na gari halikusogea hata inchi.

Saa kumi na moja kasorobo alikuwa kitandani hospitalini Voi, muuguzi akimpima. Nje, nilipoegesha, mkono wangu ulikuwa umeshaingiza gia tena.