Ukucha wa Mzee

Mume wangu hajui kupiga kelele. Wanawake wenzangu wananionea wivu kwa hilo, nami nawaacha waendelee. Hawaujui ukucha wake.

Ana saa ya mkononi ya chuma, aliyoachiwa na marehemu kaka yake. Ubavu wa saa hiyo haung'ai. Una mistari myembamba iliyolala pamoja kama nywele zilizochanwa. Mzee akikasirika hanyanyui sauti. Ananyamaza, anapitisha ukucha wa dole gumba kwenye ule ubavu. Krr. Krr. Halafu anatamka neno, na neno lake halina marejeo. Mke wa kwanza wa mwanangu aliangusha redio. Saa ikakwaruzwa, neno likatoka: "Aende." Akaenda. Mwanangu alibembeleza mpaka sauti ikamkauka, wapi!

Huyu mke wa pili ndiye chumvi ya nyumba yangu. Ananitania, namtania, mwanangu akiwa kazini mbali tunacheka mpaka chai inapoa. Wazazi wake walishatangulia mbele ya haki. Kwao hakuna hata mlango wa kugonga. Na mzee alishamwonya, siku alipomuunguzia shati kwa pasi. "Kosa jingine," alisema, "na huyu atafuata njia ya mwenzake."

Basi mzee akalazwa kufanyiwa upasuaji wa macho. Saa akanikabidhi mimi. Nikaiweka juu ya kabati la vyombo, asubuhi nikaenda zangu kuoga. Narudi, namkuta mkamwana amekaa kwenye kigoda, kitambaa mkononi, uso umemjaa furaha.

"Mama, njoo uone! Ilikuwa imejaa mikwaruzo. Nimeitoa yote!"

Alikolelewa huyu, chuma kisichong'aa ni aibu ya mwanamke. Sufuria zake unaweza kujipaka wanja kwa kujitazama humo. Alikuwa ameisugua ile saa kwa dawa ya vyuma, na kwenye kona akaingia kwa mswaki. Ubavuni niliiona pua yangu, na chini yake mdomo ulioachwa wazi.

Nikapitisha ukucha. Kimya. Ukateleza kama kwenye sabuni.

"Mwanangu," nikasema, "haikuwa mikwaruzo. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yenyewe."

Furaha ikamtoka usoni taratibu, kama maji kwenye beseni lililotoboka. Mzee alikuwa anaruhusiwa mchana huohuo.

"Lakini mama, si macho yamefungwa bandeji?"

"Macho yamefungwa. Ukucha nao wameufunga?"

Tukatoka mbio, mimi na viatu visivyofanana, ndivyo nilivyokuja kugundua baadaye. Fundi saa tunamwita Jicho Moja, kwa sababu ile lenzi haimtoki jichoni. Meza yake iko chini ya ngazi, pembeni ya duka la viatu. Akaigeuza saa, akaguna.

"Nani kafanya unyama huu?"

"Wewe fundi au polisi?" nikamuuliza. "Mistari inarudi?"

"Inarudi. Ila huu unapitishwa mara moja." Akagonga ubao mdogo uliogundishwa msasa. "Hauendi ukarudi. Ukirudi, inakuwa miguu ya kuku. Nikikosea, lazima nichonge chuma upya, na kasha lenyewe limeshaliwa. Kwa hiyo niambieni: mistari ililala kuufuata ubavu, au ilisimama kutoka kwenye kioo kwenda chini?"

Mkamwana akanitazama. Mimi nikamtazama fundi. Nimelala na saa ile miaka yote ya ndoa yangu, ikinichoma mbavuni, na sikuwahi kuiangalia. Nilikuwa naisikia tu.

"Mama, kumbuka," mkamwana akanong'ona. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki. "Mama, nitaenda wapi mimi?"

Nikafumba macho. Nikamwona mzee kwenye kiti chake siku ile ya redio. Dole gumba langu likaanza kutembea lenyewe juu ya kifundo changu cha mkono: kutoka juu, kwenda chini. Krr.

"Anakwaruza kwenda chini," nikasema.

Fundi akatikisa kichwa. "Ukucha ukiufuata mstari, haulii. Unalia ukiukata. Basi ililala."

Akabandika utepe wa karatasi kuzunguka kioo. Akaegemeza saa kwenye rula ya chuma. Sote tukashika pumzi, mpaka muuza viatu naye, ambaye hayakumhusu. Fundi akavuta msasa. Fyuu. Akageuza upande wa pili. Fyuu. Nikajaribu kwa ukucha wangu. Krr! Nilitamani kumbusu Jicho Moja, ila lenzi ingenichoma.

Hospitali tulimkuta mzee ameketi kitandani, bandeji usoni, kiganja kimeshanyooshwa.

"Saa yangu."

Nikamvalisha. Dole gumba likapanda, likashuka. Krr. Nikashusha pumzi. Likasogea kidogo, karibu na kona. Krr. Likasimama.

"Hapa palikuwa pamekufa," akasema taratibu. "Pameisha kwa kukwaruzwa. Leo panalia."

Sikuwa nimewaza hilo. Tulirudisha hata ile mistari ambayo hasira zake mwenyewe zilishaila.

"Nani ameigusa?"

"Mimi," nikadakia.

"Wewe? Wewe ambaye sufuria zako zinafanana ndani na nje kwa weusi?"

Nesi aliyekuwa akikunja shuka pembeni akacheka.

"Ni mimi, baba," akasema mkamwana. Akapiga magoti pale sakafuni. "Nilidhani ni mikwaruzo. Nilitaka uikute inang'aa."

Krr. Nesi akaacha kucheka. Krr. Nikalisubiri neno. Nilimshika mkamwana bega, kana kwamba neno litakuja na upepo wa kumpeperusha. Krr, pale pale kwenye kona, tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyohama.

"Kaka aliponipa," mzee akasema, "ilikuwa ikilia hapa."

Akanyoosha mkono, si upande wangu.

"Wewe binti, nishike unipeleke kwenye gari. Huyu mama yako atanigongesha mlangoni makusudi."

"Nilikuwa nimeshachagua mlango," nikamwambia.

Hakucheka. Wakatangulia, mkamwana akimwelekeza ngazi, mimi nyuma na mkoba. Njia nzima ukucha ulikuwa unapita ubavuni mwa saa, na mimi natembea nikihesabu kila krr. "Aende" halikutoka, wala "abaki" hatukuambiwa.

Mkamwana yupo, ndiye anayenimenyea vitunguu sasa hivi. Saa haigusi. Lakini ikilia krr kule sebuleni, kisu chake kinasimama, na kijiko changu kinasimama, tunasikiliza.