Jiwe la Kamba ya Zambarau

Saa saba mchana Sayoko alimkalisha mama mkwe wake, Bi Toyo, kwenye benchi kando ya kidimbwi, akamfungulia tonge la wali lililoviringwa mwani, akaaga kwamba anawahi treni. Baba yake alikuwa mahututi kule Niigata. Kaka yake alikuwa amepiga simu asubuhi: mzee anakuulizia wewe tu. Bi Toyo hakukataa safari, ila alitaka kwanza apelekwe bustanini.

Kwenye njia ya kutokea palikuwa na jiwe dogo, la kujaa kiganja, limefungwa kamba kwa msalaba. Katika bustani za Tokyo jiwe la namna hiyo maana yake hapapitwi, na mtu aliyelelewa haliruki. Sayoko akashika njia ya darajani. Jiwe lilikuwa limeshafika. Akazungukia kwenye misonobari, akalikuta limetulia kama limelala hapo tangu juzi. Nyuma ya ua, kati ya maghorofa, treni zilisikika zikiingia na kutoka.

Wanawake wawili waliokuwa wakiwapiga picha samaki walimpisha.

"Pole, shoga," mmoja akasema. "La kwangu lilinifuata mpaka saluni."

Mwenzake akadai lake lilikuwa kubwa kuliko hilo, na sasa limehamia kwa wifi yake. Wakabishana kidogo juu ya ukubwa.

Sayoko alimwomba mtunza bustani, Mzee Nagase, aliondoe. Mzee aliinama, akalitazama.

"Si letu hili, dada. Sisi tunafunga kwa kamba nyeusi. Hii ya zambarau ni ya mkanda wa kimono." Akarudi kuchambua majani ya msonobari wake. "Aliyeliweka ndiye huliondoa."

Sayoko aliijua kamba hiyo. Asubuhi ileile, akimvisha Bi Toyo kimono, alikuwa amemfunga nayo kiunoni.

Alirudi benchini. Bi Toyo alikuwa amemaliza wali, na mkanda umemlegea.

"Mama, baba yangu anakata roho."

"Nimesikia, mwanangu. Na mimi nani ataniogesha?"

Treni ya Niigata ilipoondoka, Bi Toyo aliliokota jiwe, akalitia mkobani, na njia ya nyumbani ikawa wazi.

Jioni simu iliita sebuleni. Sayoko alikuwa akimsugua Bi Toyo mgongo. Mlangoni mwa bafu jiwe lilikuwa limekaa, limelowa mvuke. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza.

Bi Toyo akasema maji yameanza kupoa. Sayoko akafungulia ya moto.