Yai la Kisiwani

Vigdis aliuona utepe mwekundu kabla hata hajawavua watoto makoti. Ulikuwa umefungwa kwenye msonobari wa pekee uliosimama kwenye kisiwa katikati ya ziwa, unapepea kama ulimi wa mtu anayekudhihaki. Kwenye simu baba mkwe wake alikuwa amesema jambo lile watalizungumza wakifika. Kumbe alikwisha kulizungumza na nafsi yake, wakakubaliana.

"Babu ameniwekea yai!" Tiril alipiga kelele, pua kaibana kwenye kioo cha dirisha. "Mama, ona! Lile langu!"

Katika ukoo wa Halvor, baba mkwe huyo, mtoto hutafuta yai lake la Pasaka, lile la karatasi ngumu lililojaa peremende na chokoleti, hapa hapa karibu na nyumba ya mlimani mpaka mwaka anaotimiza miaka sita. Mwaka huo yai hufichwa kisiwani. Asubuhi ya Jumapili mtoto huvaa skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, huteleza juu ya ziwa lililoganda peke yake, hulichukua na kurudi nalo, huku ukoo mzima umekaa nje kwenye ukuta wa jua, migongo imeegemea mbao, wanamenya machungwa na kumshangilia. Akirudi, babu huchonga jina lake kwenye boriti iliyo juu ya mlango. Jina la Sindre, mume wa Vigdis, lilikuwapo. La dada yake Ragnhild lilikuwapo. La Vetle, mtoto wa Ragnhild mwenye miaka minane, ndilo lililofuata, mbao bado nyeupe pale lilipochongwa.

Sasa ilikuwa zamu ya Tiril. Ila mwaka huo Pasaka ilichelewa, na wiki nzima ilinyesha mvua badala ya theluji. Kandokando ya ziwa barafu ilikuwa imegeuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Vigdis hakungoja kahawa. Alilisema mezani, Ijumaa Kuu ile ile, mkono mmoja ukimlisha mwanawe Brage ambaye alikuwa na mwaka mmoja na nusu na hamu ya kutupa vijiko.

"Baba, ile barafu ni ya kijivu. Tiril hatavuka."

Halvor akacheka, mabega yake makubwa yakatikisika. "Nyie mliozaliwa Bergen mnaijua mvua, mkwe wangu. Barafu tuachieni sisi."

"Mvua ndiyo iliyoila hiyo barafu. Kwa hiyo tuko kwenye fani yangu."

"Wifi," Ragnhild akaingilia, "huyo mtoto ukimpuliza anaruka. Barafu itajuaje hata kama kapita?"

"Sitaki ijue."

"Wote tumevuka. Mimi nilivuka na mafua."

"Ulivuka mwezi wa tatu, wifi. Leo ni mwisho wa mwezi wa nne."

Vigdis akamgeukia mumewe. Sindre alikuwa anapaka siagi kwenye mkate ambao tayari ulikuwa na siagi. Kwao Oslo, walikoishi, alikuwa mwanamume mwenye kauli. Hapa, akishavua tu buti mlangoni kwa baba yake, alirudi kuwa kijana wa miaka kumi na miwili.

"Sindre?"

"Mmh? Tuone itakavyokuwa Jumapili."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Vigdis alikuwa ameburuta kamba hiyo kila Pasaka tangu aolewe. Siku hiyo aliikata. Akaweka kijiko chini.

"Nasema mara moja. Tiril akikanyaga ile barafu, tunafunga mizigo siku hiyo hiyo, na Pasaka za mbele tutakula kwetu. Watoto mtawaona kwenye picha."

Bodil, mama mkwe, mwanamke ambaye miaka yote alizima mioto ya nyumba hiyo kwa kunyamaza, alimtazama mumewe kwa macho ya kuomba. Halvor alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akainuka, akachukua koti, akatoka na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Alirudi jua likizama. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, akabadilisha suruali, akatundika soksi zake juu ya jiko la kuni. Zilikuwa zinachuruzika maji.

"Umeanguka?" Bodil aliuliza.

"Theluji imelainika." Kisha, akilitazama jiko na si mtu, akasema: "Sawa. Nitaficha yai jingine kwenye banda la kuni. Yameisha."

Vigdis alikuwa amejiandaa kwa vita vya siku tatu. Alishangaa jinsi mzee alivyosalimu amri kirahisi, lakini aliyeshinda haulizi maswali. Aliuliza moja tu.

"Na ule utepe?"

"Nitautoa."

Hakuutoa. Jumamosi nzima ulipepea kule, na Jumamosi nzima Tiril aliutazama. Adhuhuri Vigdis alimsikia Vetle nyuma ya nyumba.

"Yai la banda la kuni ni la wavaa nepi. Lako la kweli liko kule. Hutachongwa jina, utaona."

"Nitachongwa!"

"Wapi? Kwenye kopo la nepi?"

Vigdis alimshika Vetle sikio, akamwambia maneno mawili matatu, Ragnhild akanuna, na yeye akadhani ameshalimaliza.

Jumapili jua lilitoka kali. Ngozi za kondoo zilitandikwa juu ya theluji kwenye ukuta wa jua, chupa za kahawa zikatolewa, machungwa yakamenywa. Ilionekana kama Pasaka ya amani. Vigdis alikuwa ndani anambadilisha Brage, akijua kwamba Tiril yuko na baba yake. Sindre alijua kwamba Tiril yuko na Vetle kwenye banda la kuni. Ragnhild aliyekuwa amefumba macho juani alijua kwamba bibi anamwangalia. Bodil alijua kwamba yuko ndani na mama yake, na Halvor alijua hivyo hivyo. Watu wazima watano, na kila mmoja alikuwa na hakika na mwenzake.

Vigdis aliinua kichwa, akatazama dirishani.

Kofia ya buluu ilikuwa juu ya ziwa.

Alitoka na Brage kwapani, mtoto nusu uchi. "Yuko kwenye barafu!" alisema, na hakuelewa kwa nini sauti ilitoka ndogo hivyo.

Vikombe vilianguka. Halvor alikuwa wa kwanza kufika ufukweni, na hapo akasimama ghafla kama aliyegonga ukuta. Tiril alikuwa amekwisha pita theluthi ya njia, mgongo wake mdogo umeinama, vifimbo vyake vya skii vinachoma barafu huku na huku. Nyuma yake alama za skii hazikuwa nyeupe. Zilikuwa zinajaa maji, mistari miwili myeusi inayomfuata.

"Tiril!" Sindre alipaza sauti. "Rudi! Rudi sasa hivi!"

"Usimwite!" Halvor alimkamata mkono. "Akisimama imekwisha. Skii zinagawanya uzito. Akigeuka atazikanyaga zile alama zake. Aendelee!"

"Basi mfuate, Baba! Wewe unaijua njia!"

"Haitanibeba." Mzee hakumwachia mkono. "Nilijaribu Ijumaa. Nilikwenda kulitoa lile yai. Nilizama hadi mapajani, pale pale kwenye mawe."

Bodil alifunika mdomo. Vigdis aliziona tena zile soksi juu ya jiko, zikichuruzika, na kitu kikawaka kifuani mwake hata akaona angeweza kumpiga mzee wa watu kwa ngumi. Lakini kule ziwani kofia ya buluu ilikuwa inapunguza mwendo. Mtoto alikuwa amesikia sauti. Alikuwa anageuza kichwa.

Vigdis alimsukuma Brage mikononi mwa Bodil, akainua mikono yote miwili juu.

"Haya, Tiril! Haya, haya! Songa, mwanangu! Usisimame!" Kisha akawageukia wengine, meno yameumana. "Shangilieni."

"Nini?" Ragnhild alikuwa analia.

"Shangilieni kama kila mwaka! Akituona tumeduwaa atarudi. Sasa hivi!"

Bodil ndiye aliyeanza, kwa sauti iliyopasuka. Ragnhild akafuata, kisha Sindre, hata Vetle, machozi na kamasi vikimtiririka. "Haya, haya, Tiril! Haya, haya!" Walipiga makofi kama watu walio harusini, nyuso zao kama za watu walio msibani. Halvor alipiga makofi bila kutoa sauti. Tiril alinyoosha mgongo. Alidhani hatimaye wamekubali.

Barafu ilinguruma. Sauti ile nzito ilipita chini ya ziwa zima, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tiril aliyumba. "Songa!" Vigdis alipiga kelele, akitabasamu, mashavu yakimuuma kwa kutabasamu. "Karibu! Karibu! Songa!"

Kofia ikafika kwenye mawe ya kisiwa, ikapanda, ikaanguka kifudifudi kwenye theluji, ikainuka. Mkono mdogo ukainua kitu cha manjano.

"Nimelipata!" Sauti ilikuja nyembamba juu ya ziwa. "Narudi!"

"Hapana!" waliitikia wote kwa pamoja.

"Kaa hapo hapo!" Vigdis alipaza sauti. "Usiondoke kwenye mti! Kula peremende!"

Huyu alikuwa mtoto ambaye maisha yake yote alionja peremende Jumamosi tu.

"Zote?"

"Zote!"

Tiril aliketi chini ya msonobari bila swali la pili.

Boti ndogo ya plastiki ilikuwa imelala chini ya turubai pembeni mwa ziwa. Vigdis na Sindre waliipindua, wakaiburuta hadi ufukweni, wakatupa makasia ndani. Ragnhild alileta majaketi ya kuokolea. Halvor alikuja na kamba ndefu, akaifunga nyuma ya boti, kisha akaanza kuvua koti lake.

"Nakwenda mimi. Kosa ni langu."

"Una kilo mia na kitu," Vigdis alisema akifunga jaketi. "Kosa lako libebe ukiwa nchi kavu. Shika kamba."

Mzee alishika kamba.

Walikwenda mmoja upande huu, mmoja upande ule, vifua vimelalia ukingo wa boti, miguu ikisukuma nyuma kama watu wanaosukuma gari bovu. Kwenye mawe barafu ilivunjika mara moja, Vigdis akatumbukia hadi magotini, akajirusha ndani ya boti kwa tumbo. Baridi ilimkata pumzi. Walivunja njia kwa makasia, wakapanda tena palipokuwa pagumu, wakasukuma. Nusu ya njia Sindre alizama hadi kiunoni. Vigdis alimshika ukosi akamvuta.

"Nilipaswa kusema Ijumaa," Sindre alihema, akiwa amelala kwenye sakafu ya boti kama samaki.

"Ulipaswa. Sukuma."

Tiril aliwapokea mdomo umejaa chokoleti hadi kidevuni.

"Mama, nimevuka peke yangu."

"Nimeona."

"Umekasirika?"

"Sana. Ingia botini." Kisha alimkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalalamika, na hakumwachia mpaka Sindre alipotikisa kamba na boti ikaanza kurudi. Kule ufukweni Halvor alikuwa anavuta, hatua kwa hatua, peke yake. Ragnhild alitaka kumsaidia akakataa.

Ndani ya nyumba miguu yote ilikaushwa kwanza. Soksi za sufu za Vigdis na za Sindre zilitundikwa juu ya jiko, pale pale zilipokuwa za mzee. Vigdis alizitazama, akamtazama mzee.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Siku mbili umekaa nasi meza moja na ulijua."

Halvor aliviangalia viganja vyake vilivyochubuliwa na kamba. "Nilidhani nikikubali tu, inatosha. Kusema nimezama... mbele yako, baada ya maneno niliyokwambia..."

"Mbele ya mtu wa mvua."

"Ndiyo."

Sindre alisimama, blanketi mabegani. "Baba, siku nyingine Vigdis akisema hapana, na mimi nimesema hapana."

"Ingesikika vizuri zaidi Ijumaa," Vigdis alisema. Lakini alimsogezea kikombe cha kahawa.

Tiril peke yake ndiye hakuona kwamba kuna lililoharibika. Alisimama chini ya boriti, shingo kaikunja nyuma. "Babu, jina langu linaanzia wapi?"

Halvor alichukua patasi yake, akapanda kigoda. Hakuchonga. Mkono ukiwa juu, aligeuka akamtazama mkwewe, na katika miaka yote ambayo Vigdis alikuwa amekuja nyumba ile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimuuliza jambo kabla ya kulifanya.

"Nichonge?"

Vigdis alifikiri. Alifikiri kweli, na wote walimngoja.

"Chonga. Alivuka. Lakini la Brage utakuja kulichonga kwenye banda la kuni, na yai lake utalificha huko huko. Na Vetle atamwambia kila mtu kwamba banda la kuni ndilo la wanaume."

"Nitasema, Anti," Vetle alinong'ona.

"Sawa," Halvor alisema. Patasi ikaanza kugonga.

Bodil alikuwa amesimama kando ya jiko. "Vigdis, mwanangu," alisema taratibu, "ulisema akikanyaga barafu mnaondoka siku hiyo hiyo."

"Nilisema. Nami si mtu wa kusema halafu nisitende. Tutaondoka soksi zikikauka."

Bodil aliitikia kwa kichwa. Aligusa zile soksi moja moja, kama anayepima kama zina unyevu, na kila aliyoigusa aliisogeza mbali na moto. Ya mwisho aliifikisha kwenye msumari karibu na dirisha, penye baridi.

Vigdis alimwona vizuri kabisa. Akamega mkate, akaupaka jibini ya kahawia, akampa Brage, na soksi akaziacha pale pale zilipo.